Metali nzito katika Mto Rufiji: zinavyomdhuru samaki na mnyoo wa matope

Maji yanayoshuka kutoka Usangu, Iringa, Kilombero na Namtumbo huifuata bahari kupitia mlango mmoja, nao ni delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa iko Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani. Bonde la mto huu lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mvuvi wa delta anayetega mgono wake alfajiri anavua katika maji yaliyopita kwenye mpunga wa Mbarali, pembeni ya mji wa Iringa, kando ya mashamba ya miwa ya Kilombero, na siku hizi kwenye mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere.

Ndiyo maana kuna swali ambalo haliishi kuulizwa: je, samaki wetu wana sumu? Huulizwa zaidi baada ya mafuriko, kama yale ya Aprili 2024 yaliyoingia kwenye makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti, au pale habari za samaki kufa zinaposikika kutoka mito mingine. Katika makala haya tunaeleza upande mmoja wa swali hilo, yaani metali nzito: zinatoka wapi, zinamfanya nini samaki, na kwa nini wataalamu huanza uchunguzi wao kwa kiumbe ambacho wengi wetu tunakijua kama chambo tu, yule mnyoo wa kwenye tope. Hatuandiki haya ili mtu aache kula perege. Tunaandika ili mtu ajue la kuogopa na lisilo la kuogopa.

Ni zipi hizo?

Zinazotajwa zaidi ni zebaki, risasi, kadimiamu, shaba, zinki na kromiamu. Baadhi yake mwili unazihitaji. Kamba na kaa hutumia shaba katika damu yao kubebea hewa ya oksijeni, kama sisi tunavyotumia chuma, na zinki inahitajika na kila kiumbe. Ubaya wa hizi huja zinapozidi kiasi. Risasi, zebaki na kadimiamu hazina kazi yoyote inayojulikana katika mwili wa samaki wala wa binadamu, kwa hiyo hata kiasi kidogo ni mzigo.

Kinachozitofautisha na uchafu mwingine ni kwamba haziozi. Mavi ya ng'ombe huoza, mafuta huliwa na bakteria, hata viuatilifu vinavyodumu sana huvunjika baada ya miaka mingi. Risasi itabaki risasi. Inaweza kuhama, kujificha kwenye tope au kuingia kwenye mwili wa mnyoo na kutoka tena, lakini haipotei. Mto ukishaipokea, imeingia kwenye hesabu ya mto.

Si kila chuma kilichomo majini ni tatizo, tuliseme hilo mapema. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilizama deltani Julai 1915 baada ya kushambuliwa na Waingereza, na mabaki yake mengi yalikuja kukatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Kilichobaki ni kutu. Tope la mikoko lenyewe lina chuma kingi cha asili kuliko meli ile.

Mlango wa kwanza ni matamvua

Samaki akivuliwa, mnunuzi mjuzi humfunua mashavu na kutazama matamvua: mekundu ni mzima, meupe au ya kijivu ni wa jana. Hapo hapo ndipo metali huanza kazi. Matamvua ni ngozi nyembamba kupita kiasi ambayo damu imekaribiana mno na maji, ili oksijeni ivuke kirahisi. Samaki wa maji baridi hutumia matamvua hayo hayo kuvuta chumvi za sodiamu na kalsiamu kutoka kwenye maji, kwa sababu maji ya mto yana chumvi kidogo kuliko damu yake na bila kufanya hivyo damu yake ingechujuka.

Shaba inapokuwa nyingi huziba njia ya sodiamu. Kadimiamu, zinki na risasi hupita kwenye njia ya kalsiamu kama mgeni aliyeingia harusini kwa kadi ya mtu mwingine, na zikishaingia, kalsiamu yenyewe inakosa nafasi. Samaki hujitetea kwa kutoa ute mwingi kufunika matamvua. Ute huo unazuia metali kwa muda, lakini unazuia oksijeni pia. Kiasi kikiwa kikubwa na cha ghafla, samaki hufa kwa kukosa pumzi na chumvi akiwa ndani ya maji yaliyojaa hewa.

Hata hivyo vifo vya namna hiyo, vya samaki kuelea kwa mamia, ni vichache. Madhara ya kawaida ni ya polepole na hayaonekani kwa macho. Maabara zimeonyesha kwamba shaba kiasi cha maikrogramu chache tu katika lita moja ya maji (maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu) inatosha kumpotezea samaki uwezo wa kunusa. Samaki aina ya samoni wachanga waliowekwa kwenye maji ya namna hiyo hawakustuka waliponusa harufu ambayo kwa kawaida humwonya samaki kwamba mwenzake ameliwa jirani. Mfikirie kambale, ambaye usiku katika maji machafu hutafuta chakula kwa sharubu na pua. Kambale asiyenusa hafi leo. Anakonda, anashindwa kupata jike, analiwa na ndege. Mvuvi ataona mgono mtupu na kusema samaki wamehama.

Mayai na vifaranga huumia kabla ya wakubwa. Risasi na kadimiamu zinaweza kupindisha uti wa mgongo wa kifaranga, na kilichopinda mgongo hakiwezi kushindana na mkondo. Ndani ya mwili, ini na figo hutengeneza protini maalumu inayoshika metali na kuifunga isizurure. Ni kinga nzuri lakini ina gharama, kwa kuwa chakula kinachotumika kutengeneza kinga hakitumiki kukua wala kutaga. Kinga hiyo pia ndiyo sababu kadimiamu hujaa zaidi kwenye ini na figo kuliko kwenye nyama, jambo ambalo tutalirudia tukifika jikoni.

Mnyoo anayeishi kichwa chini

Maji ya mto hupita. Ukichota sampuli leo, umepima maji ya leo. Uchafu uliomwagwa juzi umeshafika baharini. Lakini metali nyingi hujishikiza kwenye chembe za udongo wa mfinyanzi, na chembe hizo hutua chini. Deltani hutua zaidi kuliko penginepo, kwa sababu maji baridi yanapokutana na maji ya chumvi chembe hushikana, huwa nzito na kuzama. Tope la delta kwa hiyo ni daftari la bonde zima, na anayeishi ndani ya daftari hilo ni mnyoo.

Kuna minyoo myembamba myekundu, ndugu wa nyungunyungu wa shambani, inayoishi kwenye tope la mito na madimbwi. Hufukia kichwa chini na kuacha mkia ukipunga majini kupata hewa. Wekundu wake unatokana na himoglobini, ileile iliyomo kwenye damu yetu, inayomwezesha kuishi pale ambapo oksijeni ni kidogo sana. Kichwani anameza tope, analichuja chakula, analitoa nyuma. Kutwa kucha anapitisha udongo tumboni mwake. Kama kuna kadimiamu au risasi kwenye udongo huo, yeye ndiye wa kwanza kuila.

Metali zinapozidi, minyoo huacha kula, hukimbia kutoka kwenye tope na kutandaa juu yake, ambako huliwa kirahisi, na uzazi hupungua. Spishi dhaifu hutoweka kwanza na sugu hubaki. Ndiyo maana mtaalamu akifika kwenye mto hachoti maji tu. Huchota tope, hulichekecha, huhesabu minyoo na kuangalia ni ya aina gani. Tope lenye aina nyingi za minyoo, konokono na viluwiluwi vya wadudu ni habari njema. Tope lenye aina moja tu, kwa maelfu, ni dalili kwamba kuna jambo limewaondoa wengine. Jambo hilo linaweza kuwa maji taka au metali, na hapo ndipo maabara huingia.

Kisa mashuhuri kuliko vyote kuhusu minyoo hii kinatoka Marekani, kwenye ghuba ndogo iitwayo Foundry Cove katika Mto Hudson, jimbo la New York. Kiwanda cha betri kilimwaga humo taka zenye kadimiamu kuanzia miaka ya 1950 hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Watafiti walipokwenda kutazama walitegemea kukuta tope lisilo na uhai. Walikuta minyoo, tena mingi. Walipochukua minyoo ya aina ileile kutoka sehemu safi na kuiweka kwenye tope la Foundry Cove, ilikufa. Katika vizazi vichache, kwa muda wa miaka kama 30, minyoo ya pale ilikuwa imebadilika na kurithisha usugu. Ghuba ilipochimbwa na kusafishwa katikati ya miaka ya 1990, usugu ule ulipungua tena ndani ya vizazi visivyozidi 20.

Msomaji anaweza kuona hiyo ni habari ya kutia moyo. Sisi tunaona upande wake wa pili. Mnyoo sugu hajaitoa kadimiamu mwilini. Ameifungia ndani yake na kuendelea kuishi. Mnyoo aliyekufa halishi mtu, ila mnyoo aliye hai na aliyejaa kadimiamu huliwa na kamba, na kamba huliwa na samaki. Watafiti wa Foundry Cove walionyesha kwamba metali ile ilipanda kweli kutoka kwa mnyoo sugu hadi kwa kamba aliyemla. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona minyoo ipo tele", hajathibitisha kwamba tope ni salama.

Tope la mikoko likikauka

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu linaigusa Kibiti kuliko hadithi za viwanda vya mbali.

Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika Mashariki, hekta zipatazo 53,000. Tope la mikoko halina hewa. Bakteria wanaoishi humo hutumia salfa iliyomo kwenye maji ya bahari, na ile harufu ya yai viza mtu anapokanyaga tope ndiyo ushahidi wa kazi yao. Salfa hiyo hushikana na chuma, shaba, zinki, kadimiamu na zebaki na kuzifungia kwenye madini yasiyoyeyuka. Kwa maneno mengine, mikoko ni ghala, na ghala limefungwa vizuri maadamu tope limelowa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mkondo mkuu wa mto ulihamia upande wa kaskazini wa delta. Maji ya huko yakawa baridi zaidi, na watu wakafyeka mikoko kulima mpunga. Hatumlaumu mkulima, mpunga ni chakula, na delta haina ardhi nyingi ya kuchagua. Lakini tope la mikoko likifyekwa, likakauka na kupata hewa, yale madini ya salfa hugeuka kuwa tindikali, sawa na ile ya kwenye betri ya gari. Tindikali huyeyusha alumini na metali nyingine zilizokuwa zimelala. Mvua ya kwanza ya masika ikinyesha, huzisukuma zote kwenye mkondo kwa mkupuo mmoja. Wafugaji wa kamba katika nchi za Asia waliochimba mabwawa kwenye mikoko wanaijua hali hiyo: maji mazuri kwa kuyatazama, kamba wanakufa.

Kwa upande wa nchi kavu, wilaya ina mikorosho, na mikorosho hupuliziwa salfa ya unga kuzuia ukungu. Salfa si metali na haina risasi. Hata hivyo uchunguzi uliofanywa kusini mwa Tanzania ulionyesha kwamba salfa ya miaka mingi huufanya udongo uwe na tindikali zaidi, na udongo wenye tindikali huachia metali zake kirahisi. Mbolea za fosfeti nazo huja na kadimiamu kidogo kutoka kwenye mwamba zilikochimbwa.

Kuna chanzo kingine, kidogo lakini cha karibu mno: risasi za nyavu na betri. Mjini Thiaroye-sur-Mer nchini Senegal, mahali pa wavuvi, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 kutokana na risasi ya betri kuukuu za magari zilizovunjwa uani. Karibu nasi, wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliteseka kwa miaka kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama mjini humo iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kuyeyusha betri nyumbani kwa ajili ya kupata risasi za nyavu ni hatari kwa mtoto anayecheza pembeni kabla haijawa hatari kwa samaki.

Zebaki na bwawa

Zebaki ina tabia yake. Bakteria wale wale wa kwenye tope lisilo na hewa huweza kuibadilisha kuwa methilizebaki, ambayo huingia mwilini kwa urahisi na hutoka taratibu sana. Hupanda kutoka mnyoo hadi samaki mdogo, kutoka mdogo hadi mkubwa, ikiongezeka kila hatua. Dunia ililijua hilo kupitia Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956 baada ya paka waliokula samaki kuanza kuyumba na kufa. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki umebeba jina la mji huo, na Tanzania ni mwanachama.

Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na lina uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo zipatazo bilioni 33. Bwawa kubwa hufanya mambo mawili yanayovutana. Huzuia udongo, hivyo sehemu ya metali za juu hutua humo badala ya kufika Kibiti. Wakati huohuo, misitu na nyasi zilizofunikwa na maji huoza, oksijeni hupungua chini, na bakteria wa methilizebaki hupata karamu. Nchini Kanada, katika mabwawa ya umeme ya Quebec, zebaki kwenye samaki ilipanda mara kadhaa baada ya maji kujazwa, ikachukua miaka mingi kushuka, na jamii ya Wacree wakashauriwa kupunguza kula samaki wakubwa. Huko ni nchi ya baridi, na huku joto huharakisha kuoza, kwa hiyo muda hautalingana. Lakini kupima zebaki kwenye kitoga na kambale wa bwawani kila mwaka, na kuwatangazia watu majibu, ni jambo tunaloona halipaswi kusubiri.

Juu zaidi, Namtumbo, kuna mradi wa urani wa Mto Mkuju, ambao kwa ajili yake mipaka ya Pori la Akiba la Selous ilibadilishwa kwa idhini ya UNESCO mwaka 2012. Urani nayo ni metali nzito, na mbali na mionzi yake hudhuru figo. Maji ya upande huo huelekea Luwegu na kisha Rufiji.

Samaki wakifa, tusikimbilie jibu

Mei 2009 maji yenye tindikali kutoka Mgodi wa North Mara yalivujia Mto Tigithe, na mwaka 2019 mgodi huo ulipigwa faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa lake la tope sumu. Kwa hiyo samaki walipokufa katika Mto Mara Machi 2022, wengi waliunyooshea mgodi kidole. Kamati ya serikali ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni majini. Watu wengi hawakuamini, na wengine walicheka. Hatuamui kesi hiyo hapa. Tunachosema ni kwamba kisayansi uchafu wa kuoza unaweza kuua samaki wengi kwa usiku mmoja, na kwamba mahali ambapo maji hayapimwi mara kwa mara na majibu kuwekwa wazi, kila jibu litatiliwa shaka, hata lile la kweli.

Mvuvi anaweza kusaidia kutofautisha. Oksijeni ikiisha, samaki huja juu kuhema alfajiri, na kambale, ambaye hupumua hewa ya juu pia, mara nyingi husalimika. Kambale naye akifa pamoja na perege, sumu ishukiwe, iwe ya metali, ya viuatilifu, au ya wale wanaovua kwa sumu. Matamvua yaliyofunikwa na ute mzito ni dalili nyingine. Jaza maji kwenye chupa safi ya plastiki mpaka juu, funga, andika mahali, siku na saa. Weka samaki wawili watatu kwenye barafu, usiwapasue. Kikundi cha ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi cha kijiji ndicho pa kuanzia, kisha ofisa uvuvi wa wilaya, ambaye anaweza kuwafikia Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, NEMC na Mkemia Mkuu wa Serikali. Chupa ikicheleweshwa siku tatu juani, haitasema kitu.

Kuhusu jikoni: kupika hakuondoi metali. Kutupa matamvua, ini, figo na matumbo hupunguza kadimiamu na risasi, na ile sehemu laini ya kahawia ndani ya kaa ndiyo hubeba kadimiamu nyingi. Zebaki iko kwenye nyama yenyewe, hivyo mjamzito na mtoto mdogo wapewe samaki wadogo kuliko wale wakubwa walao wenzao. Perege, ambaye chakula chake kikubwa ni mimea na mwani, yuko chini kwenye ngazi hiyo. Wa Rufiji ana hata jina lake mwenyewe katika vitabu vya samaki, kwa kuwa asili yake ni mto huu na mito jirani.